Tulichangia Harusi, Siku ya Kuhama Hatukuwepo



Leo tuna jambo ambalo limetukaa moyoni, na tunaanza kwa kujisema wenyewe kabla hatujamsema mtu. Mtoto wa khalati yetu aliolewa hapa Unguja kwa harusi iliyosimamiwa na ukoo mzima. Tulifungua kundi la michango kwenye simu, tukashona sare, tukamsinga, tukapika, tukakesha. Hakuna aliyesema ana kazi. Waliokuwa Pemba walivuka, waliokuwa Dar es Salaam walivuka.

Mwaka haujatimia, mumewe akahamishiwa Dodoma kikazi. Akatangulia yeye, na mke akabaki kufunga nyumba akiwa na mimba ya miezi saba. Sisi tulimtumia ujumbe wa sauti: "Safari njema mdogo wetu, Mungu akufikishe salama, tutakuja kukutembelea." Baada ya hapo kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Alifunga vyombo yeye na mama yake. Akavuka na mdogo wake wa kiume wa miaka kumi na sita. Dar es Salaam mwenye lori, ambaye walikubaliana naye bei kwa simu tu, alingoja kabati na friji viwe vimeshapanda juu, ndipo akasema bei ile haitoshi. Kijana wa miaka kumi na sita atasema nini mbele ya mtu mzima mwenye gari? Dada yetu akatoa pesa alizoziweka kwa ajili ya kujifungua. Wakafika Dodoma usiku wa mwezi wa Juni, baridi na upepo. Godoro lilikuwa chini ya kila kitu, na misumari na nati za kitanda hazikuonekana. Alilala juu ya mkeka, na tumbo lake lile.

Haya yote tuliyajua miezi baadaye, tulipokwenda kwenye akika na zawadi zetu. Hakuyasema kwa hasira. Alisema tu: "Siku ya harusi nilikuwa na watu wa kunishikia hata pindo la nguo. Siku ile nilitafuta mtu wa kunishikia kamba, sikumpata."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiulizana. Kwa nini sisi, watu wa visiwani tunaojisifu kwa kuunga udugu, tunajua kumpamba mwanamke siku anayotazamwa, lakini hatujui kumbebea sanduku siku ambayo hatazamwi na mtu? Maoni yetu ni haya: binti akihama mbali, hiyo ni shughuli ya ukoo kama harusi ilivyokuwa. Ipangiwe watu, ipangiwe pesa, na iwe na msimamizi.

Sadaka tunayoipita mlangoni

Tunafundishwa kuwa kila siku kila kiungo cha mwili kinadaiwa sadaka. Katika hadithi hiyo, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alitaja mifano ya sadaka hizo. Mmoja ni kumsaidia mtu kwa mnyama wake: kumpandisha, au kumpandishia mizigo yake. Hebu tuitafakari. Wakati huo mnyama ndiye aliyekuwa gari. Leo mnyama huyo ni boti, ni kenta, ni fuso, ni lori lenye tela. Anayeinua upande mmoja wa kabati ili mwenzake ainue upande wa pili yumo ndani ya hadithi hiyo.

Na kuhama kwenyewe si jambo dogo katika dini yetu. Kalenda yetu inahesabiwa kutokea Hijra, yaani safari ya kuhama kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622. Katika safari ile kulikuwa na mwanamke aliyefunga mizigo. Bibi Asma bint Abu Bakr (R.A.) alitayarisha chakula cha safari cha Mtume (S.A.W.) na cha baba yake, na alipokosa kitu cha kufungia akaupasua mshipi wake. Kwa kitendo hicho akaitwa mwenye mishipi miwili, na jina hilo limebaki naye mpaka leo. Na huko walikofika, Ansari waliwapokea ndugu zao kwa nyumba zao na mali zao.

Basi kuna anayefunga mizigo, kuna anayesafiri, na kuna anayepokea. Sisi tumezoea kuwa mtu wa nne, anayetuma ujumbe.

"Si kazi ya mumewe hiyo?"

Hili ndilo jibu la kwanza tunalolipata tukizungumza na watu. Ndiyo, tunalikubali. Makazi ya mke ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake, na Surat Talaq aya ya 6 ndiyo msingi unaotajwa na wanazuoni. Mume akimhamisha mkewe, gharama za kumfikisha huko ni zake. Hatusemi wazazi wa mke wabebeshwe bei ya lori, wala mchango wa ukoo usiwe njia ya mume kukwepa lililo lake.

Lakini kuna mambo ambayo pesa ya mume haiyafanyi. Mara nyingi mume ameshatangulia kazini, na mke ndiye aliyebaki na nyumba ya kufunga. Na vijana wa mizigo, pamoja na uaminifu wao, si watu wa kuachiwa kila kitu. Nguo za ndani za mwanamke, mashuka ya chumbani kwake, picha za harusi ambazo alipigwa bila mtandio, dhahabu zake, vyote hivi vinahitaji mikono ya wanawake wenzake. Tunahimizana sana kuhusu sitara siku ya harusi. Siku ya kuhama sitara ya yule yule mwanamke inakaa uani ndani ya mfuko wa plastiki uliopasuka, wanaume wanapita.

Wengine husema watu wana kazi. Ni kweli. Lakini kazi hizo tulikuwa nazo mwezi wa harusi pia. Hatumtaki kila mtu asafiri. Tunataka kila mtu ashike kitu kimoja.

Ugawaji wa kazi

Mwaka uliofuata dada mwingine katika familia alihamia huko huko Dodoma. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, vijana wetu wengi walioajiriwa katika taasisi za Muungano wamejikuta huko. Safari hii tulijipanga. Tunayaandika haya ili mwenye kuhamisha mtu wake ayatumie, aongeze yake, apunguze yasiyomfaa.

*Pesa.* Mume alilipa lori. Sisi tulichanga kidogo kwa ajili ya dharura tu, na tukampa mwenyewe mkononi, zikiwa zake. Hazikutumika njiani, akazinunulia mapazia. Mchango wa kila mtu haukufika hata nusu ya bei ya sare ya harusi moja.

*Kufunga.* Dada wanne, siku mbili, wanaume wakiwa nje. Kila sanduku tuliliandikia namba, na kwenye daftari tukaandika namba hiyo ina nini. Misumari na nati za kitanda tulizitia kwenye kifuko, tukakifunga kwa gundi ya karatasi kwenye ubao wa kitanda wenyewe. Vyombo vya udongo na vya kioo tulivizungushia kanga na taulo, maana hizo zinahama vilevile na hazinunuliwi. Mtungi wa gesi haukupanda safari. Aliuacha kwa mama yake, akapata mwingine huko. Friji ilisafirishwa ikiwa imesimama, na ilipofika iliachwa ikae saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

*Bahari na bandari.* Anayehama ndani ya bara hupakia mara moja na kushusha mara moja. Sisi tunapakia nyumbani, tunashusha bandarini, tunapakia kwenye chombo, tunashusha Dar es Salaam, tunapakia tena kwenye lori. Kila mara moja ya hizo ni nafasi ya kitu kuvunjika au kupotea, kwa hiyo pande zote mbili za bahari pawe na mtu wetu mzima mwenye daftari. Mizigo inayotoka Zanzibar kwenda Bara hupita kwenye ukaguzi wa forodha. Twende kuuliza mapema kinachotakiwa, risiti za vitu vikubwa kama friji na televisheni ziwe karibu, na barua ya sheha inayoonesha kuwa huyu anahama na vyombo vyake iwe mkononi. Wengi huanza kutafuta risiti wakiwa wameshafika mbele ya afisa.

*Lori.* Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na pande zote mbili zitie saini: bei yote, siku, nani analipa wapakiaji, lori likingoja bandarini inakuwaje, na nusu ya pesa italipwa mizigo ikishashuka. Aende kuafikiana mwanamume mtu mzima wa familia, au mwanamke mtu mzima anayejua kusimama na maneno yake. Asiachiwe mjamzito na mtoto wa skuli.

Vitu vizito vipangwe mbele, karibu na kichwa cha gari, na chini. Godoro lipande mwisho ili lishuke mwanzo. Barabara ya Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kama kilomita 450 kupitia Chalinze na Morogoro, na njiani kuna mizani za kupima uzito wa malori, kama Vigwaza na Mikese. Gari lililojazwa kupita kiasi litasimamishwa, na pesa ya usumbufu huo itatafutwa kwa mwenye vyombo.

Siku hizi familia mbili zinazokwenda mji mmoja hukodi lori moja lenye tela, mmoja akatumia lori na mwengine tela. Ni njia nzuri ya kupunguza gharama, lakini kila mmoja awe na orodha yake na alama ya rangi yake kwenye masanduku. Tela likaguliwe taa zake, breki zake na mnyororo kabla ya kuondoka. Na akijitokeza binamu kusema ataendesha yeye ili tuokoe pesa ya dereva, tumshukuru, kisha tumuulize kama ana leseni ya gari la aina hiyo na kama amewahi kurudi nyuma na tela. Mapenzi ya ndugu hayasimamishi gari mteremkoni. Na dereva, awe wa kukodi au wa kwetu, alale. Tusimsukume aendeshe usiku kucha ati tufike mapema.

*Watu.* Wanawake na watoto wasipande juu ya mizigo, wala wasibanwe kwenye kichwa cha lori. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na mabasi yapo. Dada yetu alipanda treni na mama yake mdogo, lori likaenda na kaka yake. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, dhahabu na dawa vilikuwa kwenye mkoba wake yeye, havikupanda lori kabisa.

Na sala isisahauliwe kwa ajili ya pilikapilika. Safari hii ni ndefu kuliko masafa ya kupunguza sala, kwa hiyo musafiri anaweza kusali rakaa mbili badala ya nne, na akachanganya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu, anayehamia kule, akishafika mji wake mpya kwa nia ya kukaa, si musafiri tena, anasali kamili. Lakini aliyemsindikiza, akiwa na nia ya kukaa chini ya siku nne, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anaendelea kupunguza. Watu wawili chumba kimoja, kila mmoja na hukumu yake. Mwenye shaka amuulize shekhe wake kabla ya safari.

*Usiku wa kwanza.* Tulitayarisha sanduku moja lililoandikwa "Fungua Mwanzo". Ndani mlikuwa na mswala na msahafu, shuka na blanketi, chandarua, balbu mbili, kisu, sufuria moja, birika, vikombe, majani ya chai, sukari, sabuni, ndoo ndogo, na chetezo na udi kidogo. Juu yake tukaweka vileja na mkate wa kumimina. Mumewe alikwishafagia na kujaza maji. Saa mbili za usiku kitanda kilikuwa kimesimama na nyumba inanukia udi. Alitupigia simu akilia, na safari hii kilio chake kilikuwa cha kheri.

*Kupokea.* Mwisho tulitafuta mtu wa huko. Dodoma kuna Waislamu wengi, kuna misikiti, ukiwamo Msikiti wa Gaddafi, na kuna watu wa visiwani. Ukoo mkubwa haukosi mtu anayemjua mtu. Tulimpata mama mmoja aliyekwenda siku ya pili na chakula, akamwonesha soko, kituo cha afya na darsa la akina mama, na akamwambia ukweli kuwa nazi huko si kama za shambani kwetu, na usiku wa Juni ataitaka sweta. Mama yule hakutumia pesa nyingi. Alimpa asubuhi moja tu, na dada yetu mpaka leo anamwita mama.

Kwa bi harusi wetu

Wewe unayejiandaa kuolewa, ongeza suali hili katika mazungumzo kabla ya nikaha: kazi ikikupeleka mbali, tutahama vipi? Nani atalipa, nitakuja lini, nitakuja na nani? Si suali la kukosa adabu. Mume mwema atafurahi kuwa unafikiri mbele.

Na vyombo vyako viorodheshe. Katika Uislamu mali ya mke ni ya mke. Kitanda alichokununulia baba yako, masufuria ya mama yako, mashine yako ya kushonea, vyote hivyo ni vyako Unguja na ni vyako Dodoma. Orodha tuliyoisema ya kufungia mizigo inafaa mara mbili: njiani inaonesha kilichopotea, na miaka ikipita inaonesha kilicho cha nani. Hatukuombei mabaya. Lakini tumewaona wanawake waliorudi kwao na mkoba mmoja kwa sababu vyombo vilibaki mji wa mbali na hapakuwa na karatasi wala shahidi. Nakala moja mpe mama yako aiweke.

Usione haya kuomba msaada pia. Dada yetu wa kwanza alituambia alinyamaza kwa sababu alishachangiwa harusi na hakutaka aonekane mzito. Sisi tukanyamaza kwa sababu tulidhani hana shida. Ukimya wa pande mbili ukamlaza mjamzito kwenye mkeka.

Tunachoomba

Kundi la michango ya harusi lisifungwe siku ya kombe au baada ya fungate. Liachwe, libadilishwe jina, likae. Bi harusi yule yule atahama, atajifungua, ataugua, na namba za watu wake tayari zimo humo. Na pale tunapopanga bajeti ya harusi, tukubaliane kuacha kitu kimoja cha kutazamwa, pambo moja, sare moja, gari moja la msafara, na pesa yake ihifadhiwe kwa siku binti atakapotuhitaji bila ya kamera.

Wiki hii, kabla hujalala, mfikirie mwanamke mmoja katika familia yako anayehama au aliyehama karibuni. Mpigie simu. Usimuulize "umefika salama?" Muulize "nani anakusaidia?" na ungoje jibu lake mpaka amalize.

Tunamuomba Allah amsamehe kila mmoja wetu aliyekosekana siku aliyohitajiwa, awape baraka dada zetu katika nyumba zao za mbali, na atujaalie tuwe katika wale wanaounga udugu kwa mikono yao. Aamiin.